Chumba chenye Milango Miwili

Boti ilipogusa gati, Inspekta aliteremka vibaya. Goti lake la kushoto lilikuwa na tabia ya kumsaliti mbele za watu, na bahari siku hiyo haikuwa na huruma. Kaka mtu, ndugu wa mwanamke waliyekuja kumtafuta, aliwahi kumdaka mkono, akamshusha taratibu.

"Polepole, afande. Tusije tukaanza kukutafuta na wewe."

Inspekta akacheka, akaendelea kuushikilia ule mkono mpaka miguu ilipozoea nchi kavu. Kijana alikuwa mpole, na upole ulimfaa. Tangu juzi alikuwa hajalala, au ndivyo macho yake yalivyosema. Alifanya kazi ya kusafirisha mizigo, mabega yake yalionyesha hivyo, lakini alipolitaja jina la dada yake sauti ilimpungua kama ya mtoto aliyegombezwa.

Dada mwenyewe alikuwa mfamasia wa hospitali. Ndiye aliyegundua kwamba dawa za maji za watoto zilizokwisha muda zilibandikwa lebo mpya, na alipogundua, watoto kadhaa walishazikwa. Keshokutwa asubuhi alitakiwa kusimama mahakamani aseme aliyoyaona. Bila yeye, mwenye ghala aliyeziuza dawa hizo angetoka nje akipunga mkono. Wiki iliyopita akazima simu, akafunga nyumba, akapotea. Kaka yake ndiye aliyekuja kituoni na habari kwamba alionekana akipanda boti ya kisiwani, akasema yeye hajawahi kufika huko, akaomba aruhusiwe kufuatana na polisi. Inspekta alikubali, kwa sababu mtu aliyejificha humtokea ndugu kabla hajamtokea askari. Wakati huo wazo lilionekana la akili.

Koplo wa kisiwa, mnene, mwenye maneno mengi, alikuwa akiwasubiri penye kivuli. Alirudi kutoka likizo jana yake na bado alikuwa na uso wa likizo.

"Boti inarudi alasiri, afande. Ikiondoka hiyo, nyingine ni kesho."

"Kwa hiyo tuna siku moja," Inspekta alisema. "Niambie, mgeni akishuka hapa analala wapi?"

"Inategemea mgeni. Mwenye uwezo, hoteli hiyo hapo mbele. Wapenzi, vibanda vya ufukweni, kule upande wa pili, ambako hata ukiimba vibaya hakuna wa kukusikia. Waliobaki wanapanda mlimani kwenye nyumba za wageni."

"Ufukweni tusipoteze muda," kaka mtu alisema.

"Kwa nini?"

"Dada hawezi mbu. Tangu utotoni. Mbu mmoja chumbani, nyumba nzima hailali."

Jibu lilikuwa zuri, la mtu aliyelala chumba kimoja na dada yake. Inspekta alilikubali. Ila alijiuliza jambo jingine, kwa sababu ndiyo kazi yake: mtu anayekimbia huchaguaje pa kulala? Haangalii godoro. Haulizi chakula. Anachagua kwa woga wake, na ukiona alichokikataa unajua anachokiogopa.

Waliingia hotelini, yeye na Koplo. Kaka mtu alibaki barazani, simu sikioni, akionyesha kwa ishara ya mkono kwamba ni watu wa kazini.

Msichana wa mapokezi alikuwa akitafuna ubani. Inspekta alimwekea picha mezani.

"Simjui."

"Umetazama ndipo ukajibu, au umejibu ndipo utazame?"

Ubani ukasimama. Msichana akamtazama Koplo, Koplo akainua mabega.

"Alikuja," msichana alisema. "Hakulala. Nilimpeleka ghorofani, chumba kizuri, feni mpya. Hata feni yenyewe hakuiangalia. Alifungua dirisha kwanza, akataka kujua kama gati linaonekana. Linaonekana. Halafu akauliza mlango mwingine uko wapi. Nikamwambia, dada yangu, chumba kina mlango mmoja, wa pili unautakia nini? Akashukuru, akabeba begi lake, akaondoka."

"Mbona ulinidanganya?"

"Kwa sababu juzi kaja mwanamume kumuulizia. Kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, miwani myeusi, humu ndani, hakuna jua. Anasema ni mume wake." Alisogea karibu. "Afande, sisi wenye vyumba tuna kawaida yetu. Mwanamume akija peke yake kumuulizia mwanamke aliyelala peke yake, hatuna mgeni. Anayeulizwa wa kwanza anawapigia simu wengine. Kisiwa kizima hatuna mgeni."

"Na polisi akija?"

"Polisi ni polisi," msichana alisema, na ubani ukaendelea.

Mfamasia hakuwa na mume. Inspekta alitoka nje akikagua kila kofia njiani. Mwenye ghala alikuwa na fedha za kutosha kumtuma mtu yeyote popote, na mtu huyo alishafika. Pengine bado alikuwepo, ameketi mahali na kofia yake, akingoja kuona polisi wataelekea wapi. Alimweleza kaka mtu kwa maneno machache. Kijana akashika kichwa.

"Mungu wangu. Mume? Basi tunangoja nini, afande? Twende!"

"Twende wapi? Nyumba ni nyingi." Akamgeukia Koplo. "Huko mlimani, ni nyumba gani zinaliona gati?"

"Mbili tu. Nyingine zimezibwa na miti. Kuna ya mwalimu mstaafu, na kuna ya Bi Kufuli."

"Bi nani?"

"Utaona mwenyewe."

Njia ilikuwa ya ngazi za mawe, na goti la Inspekta lilizihesabu zote kwa uchungu. Kila walipofika penye kona alitazama nyuma. Mara moja aliona kofia ikipotea nyuma ya ukuta, akamtuma Koplo mbio. Koplo akarudi anahema: muuza mkaa, mtu wa hapohapo, amekasirika kwelikweli kwa kuambiwa aonyeshe mikono. Hakuna aliyecheka.

Kwa mwalimu mstaafu hawakukaa. Kaka mtu alisema atabaki njiani aangalie kama wanafuatwa, na Inspekta akaona hilo ni jambo la maana. Mwalimu, aliyezungumza kana kwamba darasa limejaa, alisema mwanamke huyo alikuja, akaona dirisha, akapenda, kisha akaenda kuujaribu mlango wa nyuma.

"Mlango huo niliupigilia misumari. Wezi. Akaniambia, mwalimu, mlango uliopigiliwa ni ukuta. Nikamwambia sahihi kabisa, nenda kwa Bi Kufuli, wa kwake unafunguka. Nimekosea?"

"Hujakosea," Inspekta alisema, akatoka haraka kuliko goti lilivyotaka.

Alipowaambia wenzake wanakokwenda, kaka mtu hakungoja. Alitangulia. Alipanda zile ngazi mbilimbili, begi lake dogo likimpigapiga mgongoni, na Inspekta akamwonea huruma: ndugu ni ndugu.

Nyumba ya Bi Kufuli ilikuwa ndefu, ya chini, imejibanza kwenye mwamba. Geti lilikuwa na kufuli. Banda la kuku lilikuwa na kufuli. Pipa la taka nalo lilikuwa na kufuli. Koplo aligonga, akaita, akajitambulisha, na baada ya minyororo kadhaa kufunguliwa wakaruhusiwa. Kaka mtu akaingia wa kwanza kwenye ujia wenye giza. Inspekta akamfuata, na kitu kikampiga katikati ya paji la uso mpaka akaona nyota.

"Karibu sana!" Koplo alicheka nyuma yake. "Boriti hiyo, afande, haijamkosa mgeni hata mmoja. Fundi aliyeijenga alikuwa mfupi, na hakuwa na rafiki."

Inspekta alisimama akilisugua paji lake. Alipotoa mkono alimwona kaka mtu mbele yake, mrefu kumpita yeye kwa kichwa kizima, akitembea katika ujia ule bila hata kujigonga. Kizani, baada ya jua kali vile, mtu aliyesema hajawahi kufika, alikuwa ameinama mahali palepale pa kuinama. Hakupunguza hata mwendo.

Bi Kufuli alikuja toka jikoni na fungu la funguo kiunoni. Alikuwa mwanamke mzee, mwembamba, mkavu.

"Sina mgeni," alisema kabla hajaulizwa.

Alikuwa anaongea na Inspekta, lakini macho yake yalikuwa kwa kijana, na yalikuwa macho ya mtu aliyeona nyoka chumbani.

"Mama, tumeambiwa yupo mwanamke..."

"Umeambiwa uongo. Vyumba vitupu. Tangu mwezi jana."

Inspekta akatazama uani kupitia mlango uliokuwa wazi. Kisiwa hakikuwa na kisima; maji yaliletwa kwa boti, na kila nyumba ya wageni iliwagawia watu wake ndoo ndoo. Za Bi Kufuli zilikuwa zimepangwa ukutani, zimepinduliwa, kavu, zimeshika vumbi. Moja tu ilikuwa imesimama, ina mfuniko, na chini yake saruji ilikuwa na maji. Mgeni alikuwepo. Mwenye nyumba alikuwa akimficha mbele ya polisi, na ile kawaida yao haikusema wafiche polisi wakija.

Polisi ni polisi. Lakini leo polisi alikuja na nani?

Inspekta akamtazama kaka mtu. Hotelini hakuingia. Kwa mwalimu hakuingia. Ufukweni tusipoteze muda. Alikuwa ameshaupekua ufukwe wote yeye mwenyewe, na nyumba zote zikamwambia hakuna mgeni, kwa hiyo akaenda kuazima kitu kimoja alichokosa. Akaazima sare.

Kaka mtu alikuwa ameshafika mwisho wa ujia. Alikuwa anajaribu vitasa vya milango, kimoja baada ya kingine, kwa utulivu, akiita kwa sauti ileile ya kupungua. "Dada? Ni mimi. Dada, fungua."

Koplo hakuona neno. Alikuwa bado anatabasamu. Inspekta hakuweza kumwita. Alishika ukuta.

"Kaka," alisema. "Njoo unishike. Hii boriti imenimaliza, naona giza."

Kijana alisita. Mkono wake ulikuwa kwenye kitasa cha mlango wa mwisho. Kisha upole ule ukamrudia, kwa sababu ndio uliomfikisha hapo, naye akarudi akainyoosha mikono yote miwili amdake. Inspekta akaipokea. Pingu ya kwanza ililia, na ya pili ikalia kabla kijana hajaelewa.

"Afande! Una wazimu?"

"Uliniambia hujawahi kufika kisiwani."

"Sijawahi!"

"Nani alikufundisha kuinama hapo mlangoni?"

"Mimi ni mrefu! Mtu mrefu anainama popote!"

Jibu lilikuwa zuri tena. Kijana alikuwa na majibu mazuri mengi. Lakini Bi Kufuli akasogea, akamwangalia kwa karibu, akatema mate chini.

"Ni yeye. Juzi aliipiga hiyo boriti mpaka miwani ikaanguka, ndipo nikamwona macho. Anasema mke wangu, mke wangu. Leo anasema dada." Akamgeukia Inspekta. "Na wewe umemleta. Mwanangu, wewe na sare yako, umemleta mpaka mlangoni."

Inspekta aliona aibu, akamwashiria Koplo alikague begi la kijana.

Koplo, ambaye sasa hakuwa na tabasamu lolote, alifungua begi. Shati, chupa ya maji, chaja. Chini kabisa, kimeviringishwa ndani ya soksi mpya, kisu cha kukatia kamba.

"Cha kazi," kaka mtu alisema. "Mimi ni mtu wa mizigo. Nilitaka kuongea naye tu. Afande, kuongea na ndugu yangu ni kosa?"

"Mteremshe," Inspekta alimwambia Koplo. "Umpeleke mjini kwa boti ya alasiri, umkabidhi mkono kwa mkono. Usimwache hata akaombe maji."

Kijana aliondoka akisema majibu yake, na mlangoni akainama tena.

Mlango wa mwisho haukufungwa kwa ufunguo. Ndani palikuwa na kitanda kilichotandikwa vizuri, dirisha, na kiti kilichosogezwa hadi dirishani. Inspekta alikaa kwenye kiti hicho. Gati lote lilikuwa mbele yake, angeweza kuona mpaka nani amevaa viatu gani. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, ukienda uani.

Alimkuta Bi Kufuli amesimama mbele ya stoo ya maji, amekunja mikono, kufuli kubwa nyuma ya mgongo wake.

"Mfungulie, mama."

"Akisema mwenyewe."

Inspekta akaegemea ukuta, akazungumza na mbao za mlango. Alijitaja cheo chake. Alisema kaka amefungwa pingu na anateremshwa gatini. Akasema hakujua. Hapo sauti ikatoka, ya chini, iliyochoka.

"Nilikuona ukishuka naye. Ulimshika mkono. Mlikuwa mnacheka."

"Kweli."

"Ulikuwa unacheka nini?"

"Upuuzi wake," Inspekta alisema. "Alinichekesha, nikacheka. Nimekosa. Sina namna nyingine ya kulisema."

Kisha mwanamke akasema, "Fungua, mama," na Bi Kufuli akaanza kutafuta ufunguo miongoni mwa funguo zake, akinung'unika kwamba watu hawaaminiki hata wakilia.

Mfamasia alitoka akiwa amelowa mabega. Alifanana na kaka yake mpaka ikatisha. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukingo wa ua, mahali unapoiona njia ya ngazi, akamtazama Koplo akimteremsha kaka mtu, mmoja mnene, mmoja mrefu, mikono mbele.

"Alisema alitaka kuongea tu," Inspekta alisema. Alijua angeweza kuishia hapo.

"Alikuwa na nini?"

Inspekta alitamani aulizwe swali jingine lolote. "Kisu cha kukatia kamba. Anasema ni cha kazi."

"Ni cha kazi. Anacho miaka yote. Anakivaa kiunoni, nje, watu wakione, anajivunia." Akageuka. "Kilikuwa kiunoni?"

"Hapana. Kilikuwa chini ya begi. Ndani ya soksi."

Mwanamke alikaa chini palepale, juu ya saruji yenye maji. Bi Kufuli alitaka kumwinua, kisha akaacha, akasimama tu karibu naye na kumwekea mkono kichwani.

"Makasha ya dawa alikuwa anayaleta yeye," mwanamke alisema mwishoni. "Toka ghalani mpaka hospitali. Lebo zilikuwa zinabandikwa njiani, kwenye gari lake. Hakuna anayejua, mwenye ghala na mimi tu. Ninyi hamjui. Kwenye maelezo yangu yote sikumwandika."

"Na mahakamani wangekuuliza nani alileta."

"Wangeniuliza. Ningeapa, halafu wangeniuliza." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Mnadhani nilikimbia nisiuawe. Nilikimbia nisimtaje, afande. Dirisha lile lilikuwa lenu wote wawili. Akija yeye nitokee nyuma, mkija ninyi nitokee nyuma. Sikufikiria mtakuja pamoja, nikakosa pa kukimbilia."

Chini kule boti ilipiga honi. Kaka mtu alikuwa ameshapandishwa, ameketi karibu na mlingoti, na mtu yeyote asiyejua angedhani ni abiria anayerudi kwao. Mwanamke alimtazama mpaka boti ikaliacha gati. Inspekta hakumharakisha. Kesho ilikuwepo boti, keshokutwa ilikuwepo mahakama, na usiku huo angelala chini, mlangoni kwa shahidi, goti lipende lisipende.

"Nilimlea mgongoni," mwanamke alisema. "Yeye ndiye mkubwa, lakini aliumwa sana utotoni. Mimi ndiye nilikuwa nambeba."

Akainuka. Akaingia chumbani, akakigeuza kile kiti kikalipa dirisha mgongo, akakaa.

"Chukua maelezo upya," alisema.

Akaanza kwa kulitaja jina la kaka yake, kamili, na la baba yao.